Gitaa Linalokula Betri

Jumapili, jioni. Mvua imeanza alfajiri na bado haijaamua kuacha.

Kwa unyenyekevu mkubwa, na mbele ya mashahidi wawili, yaani birika la chai na mjusi wa ukutani, natangaza rasmi kwamba gitaa langu sasa linatumia betri.

Nimechoka. Uchovu wa kuuza rangi na misumari mjini nimeshauzoea. Huu ni ule wa mtu aliyetengeneza kitu kikakubali, kisha akagundua ameharibu kingine pembeni.

Nianze na mdomo wangu. Kila Jumapili napiga gitaa na kuimba kwenye ibada yetu ya Kiswahili hapa Namuwongo: sisi Wakenya, Wakongo, na Waganda wachache wanaotuvumilia. Umeme wa ukumbi wetu ni wa kubahatisha. Vidole vikiwa kwenye nyuzi na midomo ikigusa maiki, umeme unapanda mkono, unatokea mdomoni na kutorokea kwenye waya wa maiki. Ni kama kubusiwa na nyuki.

Basi mimi huruka. Kichwa kinarudi nyuma, magoti yanagongana, wimbo unapanda mahali ambapo mtunzi hakuupeleka. Na watu wanalia. Mama Achieng, kiongozi wetu wa sifa, aliwahi kunishika mikono machozi yakimtoka: "Barasa mwanangu, ukiguswa wewe, sisi wote tunaguswa."

Sikumsahihisha.

Dukani mimi ni "wewe wa rangi". Jumapili ni Ndugu Barasa aliyeguswa. Nani angekuwa na haraka ya kusahihisha?

Lakini mwezi jana umeme ulipotea, jenereta ikashika zamu, na mimi nikaona nyota saa za mchana. Kesho yake mteja akaniuliza ni nani amenipiga mdomoni. Nikaamua kutafuta dawa kabla sijaguswa moja kwa moja.

Ninachojua kuhusu magitaa nimejifunza kwenye simu, kwa video za wazungu wenye meza safi. Pikapu ni vile visanduku viwili vilivyo chini ya nyuzi, vinavyosikia mtetemo na kuupeleka kwenye amplifaya. Zile za kawaida zinataka waya unaounganisha nyuzi zako na mfumo mzima wa umeme. Ukiuondoa, gitaa linavuma kama friji mbovu. Za betri zina nguvu zao ndani, hazivumi, na karatasi ya maelekezo inasema huo waya wa nyuzi usiunganishwe kabisa. Sentensi hiyo niliisoma kwa moyo ambao ningepaswa kuuweka kwenye Zaburi.

Muuzaji wa magitaa mjini alikuwa na aina mbili. Moja inang'aa kama bampa jipya la gari, haina betri. Nyingine nyeusi, haina uso, kama vipande viwili vya sabuni ya mkaa.

"Ssebo, hizo nyeusi ni za watu wa kupiga kelele," akaniambia kwa heshima ya Kiganda. "Wewe unapiga ya nini?"

"Ya kanisa."

Akanitazama. "Na iko na betri. Sasa wewe utakuwa unanunua betri kama mzee wa redio?"

Nikachukua nyeusi.

Jana nzima nilikuwa mezani. Nilitoa nyuzi, nikatoa vitufe vya zamani vya sauti kwa sababu pikapu hizi zinakuja na vya kwao. Nikafunga tundu jipya la kebo: ukichomeka kebo, betri inawaka, kwa hiyo ukisahau kuichomoa unaamka na gitaa bubu. Betri yenyewe haikuwa na pa kulala. Nilichonga shimo kwa patasi, nikaifunika na kipande cha sponji ya godoro. Godoro ni langu. Nililijua usiku.

Ule waya wa nyuzi sikuukata. Niliukunja, nikauviringishia utepe mweusi, nikauficha kwenye kona.

Nikalijaribu kwenye amplifaya yangu ndogo. Kimya. Nyuzi zikitulia, hakuna mvumo: kimya mpaka nikasikia jirani akimenya ndizi.

Leo mvua imenichelewesha. Nimekuta ukumbi umejaa na maiki mpya imeshasimamishwa, zawadi ya wageni kutoka Nairobi, shingoni imefungwa utepe wa zambarau. Sikuitazama sana, mawazo yangu yote yalikuwa kwenye gitaa. Nimefumba macho, nimesogeza midomo kama mtu anayeonja uji wa moto.

Hakuna kitu.

Nimeimba vizuri. Naapa, kwa mara ya kwanza nimeimba wimbo wote kama ulivyotungwa. Watu wamekaa. Mtu amekohoa. Ubeti wa pili nimejaribu kutikisa bega kwa hiari yangu, na mpiga ngoma wetu Mkongo ameinama na kuninong'oneza: "Ndugu, leo uko na malaria?"

Baada ya ibada Mama Achieng amenivuta kando ya tangi la maji.

"Mwanangu, umefanya nini wiki hii? Kuna kitu kimekuacha."

Nikamwambia yote: nyuzi, waya, betri. "Mama, ilikuwa stima, umeme wa kawaida. Nilikuwa napigwa na stima."

Amenitazama kwa huruma kubwa. "Na hiyo stima, Barasa, iliumbwa na nani?"

Nimetembea nalo swali hilo kwenye matope mpaka nyumbani.

"Tutafunga kwa ajili yako," amesema kabla sijaondoka. Yaani watu wazima, wenye vidonda vya tumbo, watashinda njaa kwa sababu ya utepe mweusi.

Sasa gitaa limelala kifudifudi mezani, mgongo wazi. Waya uko pale pale kwenye kona. Chuma cha kulehemu kinapata moto. Najua la busara ni lipi. Najua pia jinsi ukumbi ulivyokaa leo, na jinsi kesho nitakavyoitwa dukani. Ni kuunganisha mahali pamoja tu. Mdomo ni wangu.

Simu imelia. Ni ujumbe wa Mama Achieng: "Mwanangu usife moyo. Ukinunua betri ya gitaa, nunua na ya maiki mpya. Inakula hiyo hiyo ya mraba."

Nimeusoma tena, polepole. Nimezima chuma.

Maiki mpya haina waya.