Uso wa Idi Ambao Hukuuchora

Tonton Anselme,

Nimeolewa! Natamani kulitangaza kwenye ngazi za jengo letu hapa Evere, lakini mlango pekee ambao ungefunguka ulikuwa wako, na sasa humo anakaa mtu asiyeitikia salamu.

Mume wangu ni Idi, yule niliyekuchosha masikio kwa habari zake. Jamani, nampenda! Huchemsha chai kabla sijaamka, huimba vibaya, nami namkumbuka kwenye tramu nacheka peke yangu. Ila furaha hii ina upweke wake, Tonton. Ndugu zangu wote wako Bujumbura. Hapa Brussels ni wewe tu, mjomba wangu wa kujichagulia, uliyenijua kabla sijawa mke wa mtu, tangu nilipofika na koti la kuazima ukaniita, "Binti, ingia upate moto, unawatisha hata njiwa."

Na kuna habari njema yako pia. Ulianza kwa kuchora picha kwenye mabasi kwenu Haiti, ukaja huku, na wenye maduka ya picha wakakukataa miaka yote kwa sababu hukutaka kuwachorea minazi na ngoma. "Minazi niliiacha nyumbani," ulikuwa ukisema. "Hapa naona mvua." Bon, sasa duka moja la barabara ya Chaussée d'Ixelles limetundika dirishani ile mvua yako ya Evere, na watu wanasimama na miavuli yao kuitazama. Nilisimama nao. Nilikosa wa kumshika mkono nimwambie, aliyechora hii alikuwa jirani yangu.

Picha uliyotuanzia kama zawadi ya harusi iko ukutani kwetu, vilevile ulivyoiacha ulipopelekwa hospitali Woluwe. Mimi nimekamilika, nang'aa. Kando yangu Idi amevaa kanzu, hana uso. Ulikataa kumchora kwa kutazama fotografia. "Simchori mtu ambaye sijala naye." Tukapanga aje Jumapili kutoka Liège, nipike wali na maharage. Jumapili ilipofika, ulikuwa umeshatuacha.

Mama mkwe alipoiona alishika kiuno. "Eeh! Mwanangu hana kichwa? Watu waseme umeolewa na jini?" Akamtafuta kijana wa Matonge, ule mtaa wa Waafrika hapa mjini, anayechora kuta za saluni, aje aimalizie. Jana kijana alikuja na rangi zake. Nililia, Tonton. Nililia hadi Idi akamshika yule kijana bega: "Kaka, samahani sana, kunywa chai kwanza." Akanywa, akaenda zake. Mama mkwe haniongeleshi mpaka sasa.

Basi nakuandikia ili umjue. Ana paji pana. Unyusi mmoja hupanda akitaka kudanganya. Kidevuni ana kovu dogo, alianguka na baiskeli utotoni. Akila kitu kitamu hufumba macho. Mngegombania ukoko, nyinyi wawili.

Pumzika, Tonton wangu. Nakuahidi hakuna brashi nyingine itakayogusa nafasi ile. Wageni wakiuliza huyu asiye na uso ni nani, Idi atawajibu mwenyewe: ni mimi, bado sijala na mchoraji.

Binti yako,
Zaituni