Hawakuniruhusu Kumwosha Wifi

Kihesa, Iringa. Alhamisi, 12 Julai 1956.

Baridi ya leo inauma hadi kwenye mifupa. Tumemzika wifi yangu Mwanaidi baada ya adhuhuri, na mimi sikupewa hata nafasi ya kummwagia maji.

Ni miaka miwili tangu nisilimu na kuolewa na kaka yake, Idi. Baba yangu, mzee wa kanisa kule Mbeya, aliniambia nisirudi kwake nikiwa na ushungi. Huku nako mama mkwe haniiti Halima. Ananiita "yule Mnyakyusa". Wifi peke yake ndiye aliyekaa nami jikoni, akanifundisha Alhamdu neno kwa neno huku tukichagua mchele, wala hakunicheka ulimi uliponikwama.

Asubuhi nilipopeleka maji chumbani alimolazwa, mama mkwe alinizuia mlangoni.

"Wewe uliingia dini kwa kumfuata mume. Mwanangu hutamgusa."

"Mama, yeye ndiye aliyenifundisha kusali."

"Weka ndoo hapo."

Nikaiweka. Idi alikuwa uani, akasikia yote, akainamisha kichwa. Sitaficha: leo nilimchukia.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikilia. Nilitaka kupanda basi la Mbeya, nikakumbuka kwamba huko hakuna anayeningoja. Palikuwa na debe la maji, ya baridi kama barafu. Nikatawadha. Nikatandika khanga juu ya majani makavu, nikasali rakaa mbili, kisha nikamwombea wifi. Kiarabu kikaniishia katikati, nikamalizia kwa Kinyakyusa.

Hakuna aliyenisahihisha.

Miaka miwili nimesali huku nimetega sikio, nikijiuliza kama mama mkwe ananisikia nikikosea. Leo nilizungumza na Mungu tu, na moyo ukatulia, nikahisi nimepokelewa. Mama hakusema uongo. Kweli nilimfuata mume. Lakini pale nyuma ya nyumba mume hakuwepo, na mimi nilikuwa nimesujudu.

Jioni nilisaidia kuwapikia wafiwa. Mama mkwe hakuonja chakula nilichopakua. Idi aliniletea kuni, akazitua karibu nami, akarudi uani. Sijui nitamsamehe lini.

Kesho alfajiri wanawake watasali pamoja sebuleni. Nitasimama nao safu moja. Mama akisogea mbali nami, na asogee. Mimi nitabaki nilipo.