Mhuri na Ini la Kitura

Jumatatu, 3 Juni 1974
Machinjioni Mbinga tangu alfajiri. Baridi kali, vidole ganzi. Kichwa, ulimi, mapafu, moyo, ini, figo. Mpangilio ule ule kila siku. Wenzangu niliosoma nao ukaguzi wa nyama wanauita utumwa. Mimi naona raha tupu! Kisu kinajua kianzie wapi. Kasoro moja tu: nikimaliza kukagua, mkubwa wangu Mzee Mhina ndiye anayetoa mhuri mfukoni na kuigonga nyama. Mimi bado niko kwenye majaribio. Nautamani mhuri ule mpaka naona aibu.

Alhamisi, 6 Juni
Habari ya moto! Jumamosi Kitura wanafungua duka la ujamaa. Watachinja dume la ng'ombe, nami nitalikagua peke yangu. Mzee atatazama tu. Nikifanya vizuri, mhuri wangu. Nikiboronga, narudi kufagia machinjio.

Ijumaa, 7 Juni
Nanoa kisu. Mke wangu anacheka, eti nitabaki na mpini.

Jumamosi, 8 Juni
Jamani, leo!

Mzee Mhina alitangulia na Landrova. Mimi na baiskeli, mnyororo ukakatika njiani. Nafika, dume limeshachunwa na kutundikwa. Nikaanza. Kichwa safi. Mapafu safi. Moyo safi. Nikanyoosha mkono nichukue ini. Hakuna ini!

Nikauliza. Nikafuata moshi nyuma ya duka. Ini liko kwenye makaa, na mgeni wa heshima ameketi mbele yake, kashika kipande anakipuliza. Mzee Mhina! Kumbe hapa mgeni huonjeshwa ini kwanza, nyama nyingine baadaye.

Ngoma imeanza, watu wana njaa. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ndunguru, akaninong'oneza, "Mwanangu, pitisha tu. Humwoni ng'ombe alivyonona?"

Niliogopa. Nikakasirika pia. Bila kuona ini, nyama haipiti, awe amelishika nani.

"Shikamoo mzee. Naomba hilo ini."

Akanitazama weee! Kisha akakiweka chini kipande. Nikalitoa lote kwenye makaa, nikalikata. Mirija ya nyongo imekuwa migumu, minyoo tele. Mzee alikuwa ameshameza kipande kimoja. Akakimbilia migombani. Tulimsikia.

Ini tukalifukia. Nyama ilikuwa nzima, nikaipitisha. Mzee akarudi anafuta mdomo, akagonga mhuri mwenyewe, akapanda gari. Akaniacha na baiskeli yangu mbovu. Watu walikula wakacheza. Mimi sikuonja hata kipande. Basi, nimekwisha.

Jumapili, 9 Juni
Mchana Mzee Mhina amekuja nyumbani. Mke wangu akamkaribisha chakula. Akauliza kwanza ni nini. Maharage. Akala, akanawa, akatoa mhuri mfukoni, akauweka mezani.

"Kesho machinjioni usinisubiri," akasema. Akaenda zake.

Nimeuweka chini ya mto. Foronya imeshapata doa la wino. Mke wangu hajaliona.