Nilivyokonda Baada ya Vero

Jumapili, Novemba 1995. Igogo, Mwanza.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa imekatika. Mawe ya mlimani nyuma ya nyumba yanang'aa na mtaa umetulia. Watoto wamekwenda kanisani na baba yao. Mimi nimebaki, ila si kwa kuumwa. Nimebaki kwa sababu nataka kuandika haya kabla ujasiri haujaniisha.

Ijumaa nilipewa majibu.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi na Vero tulibanika samaki pamoja pale Kirumba tangu tukiwa wasichana. Tanuri letu lilikuwa moja, na wateja wetu ni wale wale wa Shinyanga na Tabora. Viwanda vya minofu vilipokuja, magari yenye barafu yakaanza kuwapokea sangara mitumbwi ikitia nanga tu, sisi tukabakiwa na mapanki, yaani kichwa na mifupa yenye nyama kidogo. Wenzetu wengi waliacha. Vero yeye alikunja kanga yake akaniambia, "Leti, watu wa Shinyanga watakula hata panki. Lete kuni." Tukabanika, tukacheka, maisha yakaenda.

Halafu Vero akaanza kukonda.

Hapa mtaani hatuutaji kwa jina. Tunasema "ule ugonjwa", na kila mtu anaelewa. Nilimwogesha, nilimnywesha uji, nilimgeuza kitandani. Mwezi wa sita akafariki. Msibani nilikuwa wa kusimamia masufuria, maji na mikeka. Wenzangu walilia hadi sauti zikawakauka. Mimi sikutoa chozi. Mama mmoja wa kanisani akanisifu kwamba nina moyo wa chuma, nami nikaipokea kama sifa.

Sijui ilianza wiki gani. Ninachokumbuka ni tonge kufika kooni na kusimama. Tumbo likawa linawaka moto. Moyo ulinienda mbio hata nikiwa nimekaa tu nachambua mchicha. Usingizi ukanihama. Sketi zangu nikawa nazifunga kwa pini, na siku moja nilipokuwa nachana nywele, niliyemwona kwenye kioo alikuwa Vero. Mashavu yale yale. Shingo ile ile.

Hapo ndipo nilipojihukumu.

Nilijiambia nimeupata kwa kumwogesha bila glavu. Nikajiambia tena kwamba mume wangu ni dereva wa lori la pamba, analala njiani, nani anajua. Nikaamini yote mawili kwa pamoja, na sikumwambia mtu.

Lakini kukonda hakufichiki. Sokoni, mteja wangu wa miaka yote alinisalimia vizuri, akaniangalia mikono, akaenda kununua kwa jirani. Nyumbani, wifi yangu Tabitha, dada wa mume wangu Baba Edina, tunayekaa naye, akaanza kukiweka kikombe changu peke yake dirishani. Nikamwuliza, "Wifi, kikombe changu kimefanya nini?"

"Hakuna kitu, wifi. Ni usafi tu."

Alijibu bila kunitazama. Nilikichukua nikaenda kunywea chai uani. Simlaumu sana. Ana mtoto anayenyonya, na sote tulikuwa na hofu, ila kila mtu alikuwa na ya kwake, ameifungia ndani.

Mume wangu naye alikuwa amenyamaza. Akirudi safari anakula, anawauliza watoto habari za shule, analala ameelekea ukutani. Nilidhani ananichukia. Au anaona haya kwa alichofanya. Kumbe na yeye alikuwa na hesabu zake. Alikuwa akijiuliza nani alikuwa anakuja hapa yeye akiwa barabarani. Hili amenieleza jana tu, huku amejiinamia.

Wiki tatu zilizopita, nikiwa nafua, alikuja akasimama karibu na karai.

"Mama Edina, twende hospitali."

"Ya nini? Najua ninachoumwa."

"Unajua, au unadhani?"

Nikaendelea kusugua shati ambalo lilikuwa limeshatakata.

Akasema, "Kama ni hicho, basi tunacho wote. Tukasikie pamoja."

Nilipoinua macho niliona midomo yake inatetemeka. Katika miezi yote ile sikuwahi kufikiri kwamba na yeye anaogopa. Nikaiacha nguo majini.

Tukaenda. Walitutoa damu sote wawili. Mimi wakanipima na malaria, choo, na kifua kwa picha. Kungoja majibu kuliniumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Hata chai ilikuwa haikai tumboni.

Ijumaa, daktari alituita sote ndani. Ni mtu mzima, Msukuma, anayeongea taratibu. Akasema, "Hamna. Wote wawili. Mtarudi baada ya miezi mitatu tupime tena, ndiyo kawaida yetu. Na kifua chako mama ni kizima."

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Ningetegemea kupiga vigelegele. Badala yake nilipandwa na hasira, sijui hata nilimkasirikia nani. Nikamwambia, "Sasa daktari, mimi naumwa nini? Au nilikuwa najifanya?"

"Hapana, mama. Hukujifanya. Uzito umepungua kweli. Tumbo lako lina vidonda kweli, nitakupa dawa. Mtu akikaa na hofu mchana na usiku, chakula hakipiti, usingizi unakatika, moyo unakimbia. Mwili unaumwa kweli, hata kama hakuna mdudu ndani yake."

Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza njia, "Mara ya mwisho kula ukashiba ilikuwa lini?"

Nikafikiri. "Kabla ya msiba."

"Msiba wa nani?"

Nikafungua mdomo niseme "rafiki yangu." Neno halikutoka. Kilichotoka ni kilio ambacho sikujua kama ninacho. Nililia pale kwenye kiti cha hospitali, muuguzi amesimama mlangoni, mume wangu ameshika mkoba wangu kifuani kama mtoto mchanga. Nilimwita Vero. Nilimwambia ameniacha na tanuri zito. Daktari hakunikatiza, wala hakutazama saa.

Baba Edina alisema neno moja tu. "Lia."

Sitaki kuidanganya shajara hii kwamba nilitoka pale nimepona. Jana mchana tonge lilikwama tena. Jioni moyo ukanienda mbio bila mtu kunishtua. Daktari amesema nile kidogo kidogo, ninywe dawa zote hadi ziishe, na nizungumze habari za Vero na mtu anayemjua. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda zaidi.

Ila usiku wa kuamkia leo nimelala, nikashtushwa na mvua kwenye bati kukiwa kumeshakucha.

Na Wifi Tabitha, ambaye kaka yake alimweleza majibu, jana alisonga ugali, akatandika mkeka, akaniita, "Wifi, njoo tule." Alimega, nikamega. Alikuwa na machozi, nikajifanya sijayaona.

Bado ninamwogopa mtu mmoja. Mama yake Vero anaishi ng'ambo ya ziwa, Kamanga. Tangu tulipomzika mwanawe sijavuka kumtazama. Nilijiambia kivuko kimejaa, nilijiambia kazi ni nyingi, nilijiambia ninaumwa. Ukweli ni kwamba sauti yake na ya Vero ni moja, na nilijua nikiisikia nitavunjika.

Asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, Baba Edina amesema Jumanne hana safari. Atanisindikiza.

Nitamwambia nini yule mama? Nimejaribu kupanga maneno tangu asubuhi na yote yamenikatalia. Nitaingia uani kwake, nitapiga goti, nitasema, "Shikamoo, mama." Akiitikia, nikilia, basi tutalia wote.