Huo Si Ufuta, Zuhura

Mpendwa Baba Zuhura,

Tangu nitoke eda nimekuwa nikiongea nawe kimoyomoyo, lakini haya ya Ruangwa siwezi kuyameza. Acha niyaandike.

Unakumbuka ulivyokuwa ukininyang'anya mwiko sufuria ikiwa bado motoni? Unasimama uani, miguu umeitanua, unamwonyesha mwanao rungu la besiboli linavyotakiwa kupita. "Kiuno kwanza, mikono baadaye. Mpira unashuka, kwa hiyo rungu lipande kidogo, likutane nao njiani." Mwalimu mzima, suruali imepigwa pasi, unapigana na hewa! Majirani zetu hapa Nachingwea walishakuzoea. Mimi nilikuwa nautaka mwiko wangu tu.

Eda ilipokwisha, ufuta ulikuwa umeshakauka unatungoja. Zuhura aliupura kutwa nzima juu ya turubai, fimbo juu, fimbo chini. Aliporudi uwanjani, mkono ulikuwa umeshazoea kupura. Rungu lilianzia juu ya kichwa likashuka wima, na mpira ukapita zake. Mwalimu mpya wa timu alimwambia abadilike, hakumwambia abadilike vipi. Jioni moja akalitupa rungu lako kwenye kuni, nikaliokota.

"Mama, nikichemka kwenye mchujo Ruangwa, ndiyo basi. Hili dude silishiki tena."

Niliogopa, Baba Zuhura. Tangu ulipofariki, mwanao hakutaji isipokuwa akizungumzia besiboli. Akiiacha hiyo, nyumba hii itanyamaza kabisa.

Siku ya mchujo wa timu ya mkoa nikapanda naye gari, mimi na dada yako Somoe. Mrushaji alikuwa Minza, binti wa wale wafugaji waliohamia Narung'ombe kutoka kanda ya ziwa. Mkono wake usipime. Mpira wa kwanza, Zuhura akapura. Wa pili, akapura tena. Akikosa wa tatu anatolewa. Nikasimama.

Somoe akanivuta kanga. "Tulia, wifi. Juzi tu umetoka eda, watu watasemaje?"

Waseme. Nikapaza sauti mbele ya halaiki nzima: "Zuhura! Huo si ufuta! Kiuno kwanza!"

Nikamwona anashusha mabega. Mpira ukaja. Kiuno kikatangulia, mikono ikapita karibu na kifua, rungu likaifuata njia ya mpira na kupanda kidogo, vilevile ulivyokuwa ukitaka. Ule mlio hata asiyejua mchezo angeuelewa. Mpira ulipita juu ya vichwa vya wachezaji wote ukaangukia kwenye nyasi, mbali kweli.

"Kimbia!" watu wakapiga kelele. "Kimbia wewe!"

Mwanao hakukimbia. Aligeuka kutazama kando ya besi ya kwanza, kile kituo alichotakiwa kukikimbilia, pale ulipokuwa ukisimama kila mara kumpungia mkono, akabaki anapatazama. Mpira ukarudishwa besini kabla yake, wakamtoa.

Jina lake halikusomwa. Nililia kwa hasira, nikawaona wale wasimamizi hawana utu, ingawa najua sheria ni sheria. Njiani kurudi Zuhura alilipakata rungu lako. Nilikuwa nasubiri aseme ameacha. Tulipokaribia nyumbani ndipo akafungua mdomo.

"Mama, unajua kurusha mpira?"

"Nitajulia wapi mimi?"

"Kesho nakufundisha. Nataka kuupiga tena kama ule."

Basi, mume wangu, ndiyo kazi yangu ya sasa kila jioni. Bega la kulia linaniuma hata kujitanda ushungi ni shida, na binti yako ananikaripia bila aibu: "Baba alikuwa anarusha hivi, Mama! Baba hakuwa anapinda mkono!" Anakutaja mpaka giza linaingia.

Pumzika. Sisi tupo uani.

Mkeo,
Mama Zuhura