Shimo Nililolinyamazia

Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu ameanguka. Tulikuwa mstari mmoja, baiskeli ishirini na mbili za kikundi chetu, kwa sababu ya malori. Kapteni mbele, mimi nyuma yake, mdogo wangu nyuma yangu. Sheria kila mtu anaijua: wa mbele akionyesha shimo kwa mkono, na wewe unaonyesha, unapaza sauti, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Aliye nyuma haoni barabara, anaona mgongo wako tu. Kapteni alionyesha. Nikalikwepa. Mkono wangu ukabaki kwenye usukani, mdomo nimeufunga.

Nilikuwa nimemnunia mdogo wangu tangu Ijumaa. Alimwambia mama kwamba nimeachwa, kabla sijawa tayari kusema mwenyewe. Nikaapa sitamsemesha. Hata neno moja – jamani, hata neno "shimo"!

Jumatatu, 10 Machi

Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika mahali pawili. Yeye ni fundi cherehani. Daktari anasema wiki nane, halafu ndipo waone kama vidole vitashika sindano kama zamani. Mama anamlisha kwa kijiko. Eti mama ananishukuru kwa kuwa sijabanduka hospitali. Nimekwenda kulia bafuni, bomba wazi.

Jumatano, 12 Machi

Kapteni amekuja kumwona. Kikundi kimekaa, kimeamua: mdogo wangu aliendesha karibu mno na gurudumu langu la nyuma, na alishaonywa mara mbili. Asirudi kwenye msafara. Kwa utaratibu tu akaniuliza kama nilimwonyesha lile shimo.

"Nilionyesha."

Imetoka kirahisi! Akaniamini papo hapo. Si mimi ninayewafundisha wageni ishara za mkono?

Sijala tangu jana. Yule aliyeniacha hakuniumiza hivi. Hii nimejiumiza mwenyewe, na nimemuumiza mwenzangu zaidi.

Ijumaa, 14 Machi

Saa nne asubuhi, wodini. Mdogo wangu anataka kuomba radhi kikundi ili wamrudishe. Mkono haushiki kalamu, kwa hiyo niandike mimi. Nimekaa pembeni ya kitanda, karatasi juu ya daftari hili. Anatamka polepole, amefumba macho.

"Andika hivi, dada: dada yangu alinionyesha, mimi ndiye sikuangalia."

Nimemwambia asubiri, kalamu imegoma. Nimefungua daftari, naandika humu. Anadhani naijaribu.

Anauliza kama imeanza kuandika.