Maoni Yangu Juu ya Filamu, Roki na Matoazi Yenu

Jumba la Sinema,
Mlango wa Mbele (si chumba cha mitambo tena),
Jumapili, tarehe 30, asubuhi.

Mpendwa mpwa wangu Nyuzi,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hata ya kufungua bahasha. Hujambo? Dada yangu, mama yako, goti lake linaendeleaje? Na kikohozi cha baba yako kimepungua, au bado anasingizia vumbi? Mimi ni mzima, nakula, nalala. Kuna kiungo kimoja tu chenye hitilafu, na hicho nitakueleza hapo chini. Nivumilie nifike kwa mwendo wangu.

Tuanze na filamu, kama kawaida yetu. Miaka sita sasa tunaandikiana kila mwezi juu ya filamu na muziki wa roki, na hujawahi kuniona nikikosa maoni. Mwezi huu tumeonyesha filamu tatu. Ya kwanza ni ya mjane aliyerithi kiwanda cha vifungo. Watu wananong'onezana mwanzo mpaka mwisho kama wezi. Ya pili ni ya vita: mabomu yapo, maneno hayapo. Waigizaji wa siku hizi wamemeza ndimi zao. Ya tatu ni ya mwanamke anayeosha vioo vya maghorofa, na filamu nzima hasemi neno. Hiyo niliitazama mara nne, nikamwambia kila mtu kwamba ndiyo pekee mwaka huu iliyotengenezwa na watu wazima.

Roki nayo ndiyo kabisa. Bendi mpya zote zinapiga kana kwamba zimefungiwa kabatini. Gitaa halina makali, na maneno ya mwimbaji huyapati. Wengine hawana hata mpiga ngoma. Ni mtu mmoja na mashine yake chumbani, analialia juu ya mpenzi aliyemwacha, na huyo mpenzi mimi namwelewa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nimekuandikia Jumatatu, kurasa mbili zilizojaa. Nimezichana.

Jumanne yule mama mkata tiketi wetu, tunayemwita Afande kwa jinsi anavyonyoosha foleni, alipanda chumba cha mitambo, ninakoonyeshea filamu, akiwa na pamba masikioni. Akanieleza kwamba watu wanatoka katikati ya filamu kwa sababu ya makelele ya spika zangu, na si leo wala jana, ni miezi. Nikamjibu kwamba watu wameharibiwa na simu. Akageuka kuondoka huku akisema kitu. Nikamwuliza amesema nini. Akarudia, nikauliza tena. Kesho yake meneja akanipeleka mwenyewe kwa daktari wa masikio.

Daktari alinivalisha vipokea sauti, akanipa kitufe, nibonyeze kila nikisikia mlio. Nikakaa namsubiri aanze. Niliposubiri sana nikamwuliza kama mashine imeharibika, nikajitolea kuitazama, kwani mimi ni fundi. Akanionyesha karatasi yenye mstari unaoanza vizuri, kisha unaporomoka.

"Milio imeshapita kumi na moja, mzee," akasema. "Sauti za juu, zile nyembamba, zimekwenda, na hazirudi. Huenda ni miaka mitatu sasa."

Nikamtania kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Hakucheka, na mimi mwenyewe sikuwa na kicheko.

Miaka mitatu, Nyuzi. Wimbo wa kwanza wa bendi yenu ulinitumia miaka miwili iliyopita. Nilikuandikia kwamba matoazi hayasikiki, na kwamba yule mpiga ngoma wenu, Kijiti, ana mkono mwepesi, kama anafukuza nzi. Mkarekodi upya. Nikasema bado. Mkarekodi mara ya tatu, mkapandisha sauti za juu mpaka mwisho kwa kunitii mimi, na hiyo ndiyo mliyoitoa, na hiyo ndiyo watu waliyosema inatoboa masikio. Mimi nikakujibu kwamba watu hawana masikio. Nyani haoni kundule.

Kisha mkamwondoa Kijiti, mtu mliyeanza naye tangu shule, kwa neno langu. Na mwezi uliopita ukaniandikia kwamba bendi imevunjika, gitaa liko uvunguni, na umekubali huna kipaji. Nilikujibu kwamba kukubali ndiyo kukua. Niliandika hivyo kwa mkono huu huu, nikaona nimekupa busara.

Sijui niipeleke wapi aibu hii. Nimekata tamaa, na si kwa ajili ya kazi, ingawa kazi nayo imekwenda. Meneja amenishusha mlangoni, nachana tiketi, na Afande ndiye aliyepanda juu kushika mitambo. Watu hawatoki tena katikati ya filamu. Anasema ile ya mjane inaliza sana. Inawezekana. Ukurasa wowote wa maoni niliokuandikia kwa miaka hii mitatu utupe, maana sijui tena lipi ni langu na lipi ni la ugonjwa.

Jana kabla ya onyesho la kwanza nilimpelekea Afande ile rekodi yenu ya kwanza kabisa. Yeye roki haipendi. Husema ni muziki wa watu waliogombana na wazazi. Nikamvalisha vipokea sauti, nikakaa kumtazama uso. Ilipokwisha nikamwuliza matoazi yapo au hayapo. Akainama akanisemea sikioni.

"Yapo. Tangu mwanzo mpaka mwisho yapo, tena mazuri."

Halafu akaurudisha wimbo mwanzo bila kuniomba. Mguu wake ulikuwa unagonga sakafu, na mimi nimekaa pale nausoma wimbo wa mpwa wangu kwenye kiatu cha mtu.

Sikuombi ulitoe gitaa uvunguni. Nimekwisha kukuambia la kufanya mara nyingi mno. Nakuomba radhi tu, na hata hiyo sidai unipe.

Nisalimie mama yako, lakini hili la masikio usimwambie, nitamwandikia mwenyewe. Msalimie pia baba yako, na Bibi na masikio yake mazito. Mwambie sasa tutaelewana, maana tutapigiana kelele wote wawili. Mungu akutunze, na akutunzie masikio yako.

Salamu za mwisho ni za Kijiti. Hizo usizitume kwa simu. Nenda mpaka mlangoni kwake, umwambie mkono wake haukuwa na kosa lolote. Mwambie mtu aliyemhukumu alikuwa kiziwi, na wewe ulimwamini kwa sababu ni mjomba wako.

Ni mimi, nikupendaye,
Mjomba Fundi